Zamu ya Mchana

Narudi saa moja asubuhi,
rungu nimeliacha getini kwa watu, Mikocheni,
na kabla sijavua sare
nainama chini ya dirisha kama aliyeangusha shilingi:
bado.

Bwana Mbwambo alipiga ua sakafu mwaka juzi,
saruji mpaka mlangoni, mpaka msalani,
akasema hapa Tabata si shamba.
Basi shamba likaingia ndani.
Liko juu ya sanduku langu la nguo:
trei mbili za mayai, makopo saba ya mtindi,
kila kopo matundu matatu ya msumari wa moto.

Mbegu kanitumia dada Foibe kutoka Mlalo,
kazifunga kwa karatasi ya daftari la hesabu la mwanawe:
nyanya, pilipili mbuzi,
na nyingine kasahau kuziandika jina.
Pembeni, kwa wino mwekundu wa mwalimu: sita kwa kumi.
Nikasema, zikiota sita katika kumi
nami nimefaulu.

Udongo niliukaanga kwanza.
Foibe alisisitiza, udongo wa mjini una maradhi.
Nikabandika sufuria, nikageuza kwa mwiko
mpaka ukafuka, ukanukia mvua ya kwanza,
na Stumai wa chumba cha pili akachungulia.
"Mlinzi, leo wapika nini?"
Udongo.
"Makubwa! Mimba ya miezi mingapi?"
Wiki nzima foleni ya bomba
ikaniuliza tarehe ya kujifungua.

Nikazika kila mbegu kina cha ukucha,
nikafunika kwa gazeti lililolowa,
tukalala, mimi na zenyewe,
saa nne ya mchana, pazia limeshuka,
sote gizani kwa ajili ya kazi.

Miaka kumi na mmoja nalinda.
Usiku kucha nakodoa macho nisione kitu,
na nalipwa kwa hicho nisichokiona.
Humu ndani kitu kinatokea kweli
na sijawahi kukifumania.
Nililala udongo ukiwa bapa.
Niliamka alasiri, pana shingo nyeupe imepinda,
ganda la mbegu bado kichwani,
mtu na mzigo wake akipita mlango mfupi.

Nyanya zikakimbilia dirishani.
Zikarefuka, zikapauka, zikaegemea wavu
kama wapangaji wanaosikiliza ugomvi wa jirani.
Nageuza trei nikirudi;
nikiamka, zimeshajigeuza.
Hatujakubaliana mpaka leo.

Kisha kinyausi.
Nilizimwagilia mno,
huruma ya mtu asiyekuwepo usiku.
Asubuhi moja tisa zimelala,
zimenyongeka pale pale zinapoagana na udongo.
Nikakaa kitandani na buti zangu.
Kazini tuna daftari la lindo, tunaandika:
hali shwari, hakuna tukio.
Hapa sikuwa na pa kuandika.

Zilizobaki nikaanza kuzizoesha nje:
nusu saa kwenye kivuli cha pipa,
kesho yake saa nzima,
halafu jua changa la asubuhi, upepo kidogo, kuku mmoja wa kufukuzwa.
Macho yananifumba nikiwa nimesimama.
"Kalale," akasema Stumai,
akavuta kigoda, akaweka ungo wa mchele mapajani.
"Nitaziingiza mwenyewe likiwa kali."
Sikumbuki lini nimewahi kulindiwa kitu.

Bwana Mbwambo kaja kuchukua kodi,
kahesabu noti mara mbili,
katazama udongo uliomwagika kwenye saruji yake.
Kisha kachuchumaa mbele ya lile kopo lisilo na jina,
kagusa jani kwa mgongo wa kidole.
"Hii ngogwe," akasema.
Stumai akasema bilinganya.
Wakabishana mpaka kodi ikasahaulika juu ya pipa.

Usiku, Mikocheni, umeme umekatika.
Mwenzangu anakoroma kwenye kiti cha plastiki.
Nimewasha tochi ya simu, nimefungua daftari,
mkono ukaandika wenyewe, na sijafuta:

*Saa nane usiku. Hali shwari.
Majani mawili ya kweli.*