Mlinzi wa Ukurasa wa Tisa

Nilikinunua stendi ya Moshi, elfu mbili mia tano,
jalada limenyofoka, jina la mtunzi limekwenda na jalada.
Nikakisoma lindoni, ghala la kahawa ng'ambo ya reli,
zamu tatu za Julai, koti limefungwa hadi kidevuni.

Nianze na ugomvi.
Ukurasa wa tisa, mlinzi anasinzia.
Hakulewa, hakuumwa, hakutiliwa kitu kwenye chai.
Anasinzia tu, kwa sababu mtunzi anataka maiti ipite getini.
Bwana mtunzi, miaka kumi na tisa nalinda,
nimesinzia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na malaria.
Ungeniuliza. Ningekuonyesha ukuta wa nyuma,
pale mkaratusi ulipolalia seng'enge:
maiti ingepita, na mlinzi angebaki na kazi yake.

Lakini ulipoandika harufu ya magunia
yaliyolowa, yakakauka, yakalowa tena,
niliinua pua kutoka kwenye karatasi
nisijue nanusa kitabu au nanusa kazini.
Na lile kufuli la sura ya nne,
limefungwa vizuri, ila limegeuzwa,
tundu la ufunguo linatazama ndani.
Mama yangu!
Nilikiacha kitabu kifudifudi kwenye kiti,
nikawasha tochi, nikazunguka ghala zima,
nikashika makufuli yote kumi na moja, moja moja,
kama mtu anayehesabu watoto baada ya moto.
Kwa hilo, shikamoo.

Marehemu je? Aikande, karani wa mizani.
Umempa ukurasa mmoja wa uhai,
nusu yake miguu.
Karani wa mizani anajua nani anaiba kilo ngapi;
kabla hujamuua ungemwacha aseme neno.

Na mlima wako uko wazi kila asubuhi,
theluji inang'aa, Inspekta Lyatuu anautazama akifikiri.
Julai hii? Sisi wenyewe wiki ya pili hatujauona,
tunaamini tu kwamba upo.

Muuaji nilimdhania mhasibu.
Nikamhama, nikamdhania mchungaji, nikaona haya,
nikarudi kwa mhasibu. Hapo ulinishika, nakiri:
ukurasa wa mia na sitini mkono ulikataa kufunua.
Halafu ukaniletea pacha.
Pacha wa Arusha, hajawahi kutajwa, hata kwa kikohozi,
anashuka kwenye basi ukurasa wa mia mbili na kumi
hatia ikiwa tayari mfukoni.
Na Lyatuu akaeleza, akaeleza, kurasa kumi na nne,
watu wote wamekaa sebuleni wanamsikiliza,
hakuna hata mmoja aliyeomba kwenda kujisaidia.

Saa kumi na moja alfajiri Kiangi akaja kunipokea.
Akakiona. "Nani aliua?"
Nikamwambia, soma.
Sikumwambia ni kibaya. Sikumwambia ni kizuri.
Nilimwambia asikisome peke yake upande wa mashine.

Yule mlinzi walimfukuza ukurasa wa ishirini.
Hana jina, hakurudi tena,
hakuna aliyeuliza wanawe walikula nini.
Nikachukua kalamu ya zamu, pembeni nikamwandikia jina.
Kisha nikafungua daftari la lindo:
Saa nane usiku. Hali shwari.
Kwa miaka kumi na tisa, huo ni uongo wangu wa tatu.