Hata Asiyejikuna

Kijana wa duka la dawa pale Kongowea
hakuinua macho. Aliandika ubavuni mwa chupa:
toka shingoni hadi nyayoni,
kati ya vidole, kwapani, kitovuni, chini ya titi,
lala nayo, asubuhi ukoge.
Siku ya saba, rudia.
Na wa nyumbani wote wapake, hata asiyejikuna.
Nikamwambia: wa nyumbani ni mimi.

Miezi miwili nimejikuna kwa siri.
Kwenye arusi ya kina Mbwarali
niliikalia mikono yangu nikisifu biriani.
Wanasema Mungu humpa upele asiye na kucha.
Kucha ninazo, tena ndefu.
Niliyekosa ni wa kunifikia.

Shuka zachemka kwenye sufuria kubwa,
ile iliyopikia hitima ya mume wangu.
Nimejipaka hadi mkono ulipogota.
Katikati ya mabega pamebaki pakavu,
kisiwa kisicho na feri wala daraja.
Nimejaribu mwiko.
Nimejisugua ukutani:
chokaa imetoka, upele umebaki.

Nyuma ya ukuta huo anakaa Mwanahalima.
Hatusemezani, mwaka wa tatu sasa,
kwa sababu ya kamba ya nguo.
Jioni nilimsikia binti yake akilia,
chanuo la chawa likipita, kisha kofi la paja:
"Tulia, Rukia! Ikikuingia machoni, shauri yako!"

Baada ya isha mlango ukagongwa.
Leso kichwani, macho kwenye kizingiti.
"Mtoto akitoka chuoni hulala mkekani kwako.
Nimejua siku nyingi."
"Nami nimejua kuwa wajua."
Tukasimama.
Paka akapita kati yetu, hana habari.

Nikageuka, nikateremsha leso.
Dawa ilikuwa baridi; kiganja chake, kikavu.
Alipaka kama mtu azibaye ufa,
polepole, akirudia palipokwisha kulowa,
akafika pale ambapo tangu msiba
hapajaguswa na mtu.
Nikauma ncha ya leso.
"Yawasha?" akauliza.
"Yawasha," nikasema, ikawa ndiyo sababu.

"Na wewe?"
"Mie sijikuni."
Nikachukua chupa, nikamsomea ubavuni,
neno kwa neno, kwa sauti ya yule kijana.
Akacheka puani. Akakaa.

Jumatano ijayo, tena.
Kamba hatujaitaja.