Kabla Hujaniambia Niongeze Gesi

Zima kwanza, Bwana Chilumba.
Teremka, kaa kwenye hicho kiti cha plastiki chenye mguu wa waya.
Najua umetoka Tandahimba vioo vimeshushwa,
vumbi limekupaka mpaka kope,
na neno lililo mdomoni mwako nalijua:
"Ongeza gesi, Somoe, nina safari."
Kila anayesimama hapa Mkuti huja na neno hilo,
kama mgonjwa anayeingia kwa daktari
na sindano yake mkononi.

Mimi siongezi. Mimi nauliza.

Geji zangu hizi. Buluu kushoto, nyekundu kulia.
Ya nyekundu ina ufa, ilitupwa uani usiku mmoja,
si habari yako nani aliitupa;
tangu hapo inasema kumi zaidi ya ukweli.
Mpira wa buluu nauvisha kwenye bomba nene, la baridi,
mwekundu kwenye bomba jembamba, linalounguza.
Tazama: injini imelala, na mishale miwili
imesimama pamoja, tisini na tano kwa tisini na tano
(ya nyekundu nimeshaikata kumi),
kama bibi na bwana mbele ya mpiga picha.
Usifurahie. Huo ni usawa wa usingizi.

Washa. Feni mpaka mwisho.
Tak! Kompresa imekamata, umesikia?
Na mishale inaagana.
Buluu ishuke, nyekundu ipande,
kwani ubaridi hauzaliwi na gesi peke yake,
unazaliwa na umbali kati ya hawa wawili.

Mwalimu mmoja wa Chiungutwa aliniletea gari,
injini inanguruma, mishale haitaki kuachana.
"Mbona zinapatana vizuri?" akauliza.
Nikamwambia, ndiyo msiba wenyewe, mwalimu,
kompresa imekufa tumboni.
Nimeona zote mbili zikilala chini,
gesi imetorokea kwenye kiungo chenye jasho la mafuta.
Nimeona ya buluu ikizama chini ya sifuri,
gari linapoa, linachemka, linapoa tena,
kisa tone la maji lililoganda kwenye tundu la vali.
Tone tu.
Ilikuwapo nyumba hapa Masasi iliyougua hivyo,
na mwenye nyumba, fundi mzima,
kila wiki aliongeza gesi.

Lakini tuko kwenye gari lako.
Njoo usome mwenyewe.
Buluu sitini. Nyekundu mia tatu arobaini,
toa kumi, na bado inapanda.
Zote juu! Nani alikuhudumia kule Newala?
Alikuongezea? Mara mbili?
Haya. Sitoi kitu bado.
Shika ndoo, mwagia kondensa maji, polepole,
jicho lako lisibanduke kwenye nyekundu.
Mia tatu. Mia mbili themanini.
Mia mbili na hamsini.
Unaona? Halikuwa na kiu.
Lilikuwa limezibwa pua.

Namulika kwa tochi ya simu:
kati ya mapezi kumejaa unga wa njano,
salfa, Bwana Chilumba, salfa ya mikorosho,
Juni, Julai, Agosti, mashine ikipuliza nyuma ya gari hili hili,
ikagandamana na mafuta na mbawa za kumbikumbi.
Mikorosho yako imepona ubwiriunga,
gari limeugua dawa yake.

Tutaiosha kwa brashi laini, tukifuata njia ya mapezi.
Kisha nitaitoa gesi yote, niipime kwenye mizani,
nirudishe ile inayotakiwa, gramu kwa gramu.
Usinune. Baridi utaipata kabla ya adhuhuri,
utaweka kiganja pale inapotokea
ukae kimya kidogo, wote hukaa kimya.

Nami nitafungua mipira, mishale irudi nyumbani:
buluu kwenye sifuri,
nyekundu kwenye kumi, hapo hapo, haishuki tena.
Wananiambia ninunue mpya. Ya nini?
Kosa lake nalijua, nalikata.
Na wewe siku ukisikia mjini
Somoe ana hasira kupita kiasi,
kata kumi.