Daftari la Mhazini

Mimi ndiye nihesabuye sadaka
kanisani kwetu Gongoni, juu ya Malindi,
kwenye meza ya nyuma yenye kitambaa cha plastiki,
kila Jumapili, saa tano na robo.

Sarafu za wanawake wa chumvi nazijua bila kuambiwa.
Zina ukungu mweupe ukingoni;
zinauma palipochanika kidole.
Za Nyevu zimefungwa fundo la leso:
ishirini, kumi, na tano iliyochakaa.
Hajalipwa tangu jirani zake walipouona mwezi wa kufunga.
Leo wamekwisha kula Idi.

Bahasha ya Bwana Mwaringa, msimamizi wa majaruba,
haina fundo. Ina mhuri.
Noti zake zimelaliana kama kurasa
za kitabu ambacho hakijafunguliwa.

Msomaji aliugua, akaitwa Mbodze,
nyayo zimempasuka kwa maji ya chumvi.
Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari,
ule waraka wa kale, ndugu akiwaandikia ndugu:
kwamba ujira uliozuiliwa haukai kimya,
una mdomo, unaita kutoka shambani
mpaka Mungu akageuza shingo.

Hapo alisimama.
Hakuangalia mtu. Alimeza mate.
Feni aliyotununulia Bwana Mwaringa
iliendelea kuzunguka juu yetu sote.

Mchungaji akaruka aya, akahubiri juu ya subira.

Najua na mengine yaliyoandikwa.
Kwamba asiyetaka kazi asidai sahani:
hilo tunalipenda, tunawatajia vijana.
Lakini Nyevu ameitaka kazi tangu alfajiri,
ameitaka mpaka mgongo ukawa upinde.
Sahani ndiyo iliyomkataa.

Na mtume mwenyewe alishona mahema
asije akamlemea mtu.
Na wale wa mwanzo waliuza viwanja,
wakaileta bei yote mbele ya wenzao,
pasiwe na mwenye kupungukiwa.
Viwanja vyao, nasema. Vyao wenyewe.
Sijasoma popote kwamba mtu aliuza jasho la mwenziwe
akaliita shukrani.

Nimeihesabu bahasha mara mbili.
Elfu arobaini na mbili.
Daftari lina safu mbili tu, jina na kiasi,
na mume wangu ana kibarua kwenye majaruba yayo hayo.
Kalamu nikaitia mdomoni, nikaitoa.
Nje watoto walikuwa wakigombania kivuli cha tangi.

Nikaandika:
Nyevu Tsofa, elfu sita.
Mbodze Ngumbao, elfu sita.
Chengo, yule wa jicho moja, elfu sita.
Mjane wa Kahindi, ambaye jina lake
ilinibidi nitoke nje nikaulize, elfu sita.
Nikaendelea hivyo hadi mtu wa saba,
bahasha ikaisha.

Penye jina la Bwana Mwaringa nikapiga kistari.

Orodha ya watoaji husomwa kwa sauti
Jumapili inayofuata, kabla ya matangazo.
Mimi ndiye nisomaye.