Dirisha Halifunguki

Nimeamka kabla ya adhana ya Buguruni
nikachoma vitumbua arobaini, thelathini vya njiani,
maana safari ya treni, wanangu, ni tumbo.
Shamimu akacheka: "Bibi, ni saa tatu na nusu tu mpaka Dodoma!"
Mimi na hilo neno "tu" tunajuana siku nyingi.

Nyumba yangu haina siku isiyo na kesi.
Rehani kaficha rimoti ndani ya debe la unga
ili Zubeda asione tamthilia yake ya Kituruki;
Luku imekata, maharage bado mawe;
kitukuu changu Mbaruku ana jino linalocheza,
halivutwi, haliguswi, halitajwi,
anakula uji kwa shavu moja kama mzee wa baraza.
Mimi ndiye hakimu, mimi ndiye daktari,
mimi ndiye benki isiyodai marejesho.

Basi Idi Pili wakanitoa.
Begi langu ni lile lile la mwaka sabini na sita,
kufuli lilishakufa, nalifunga kwa utepe wa kitenge.
Mwaka ule Sikujua yuko mgongoni, Faraji yuko tumboni,
na baba yao, karani wa ghala bandarini,
kapata likizo yake ya siku ishirini na nane
na waranti, karatasi ya pinki, daraja la tatu:
watu wazima wawili na mtoto, Dar es Salaam mpaka Kigoma.
Karatasi ile aliipiga pasi.
Naapa, aliipiga pasi.

Nchi hii sikuijua kwa ramani.
Niliijua kwa dirisha, kiwiko nje, vumbi ndani ya meno.
Shilingi inashuka, kuku anapanda.
Tabora asali, kwenye chupa zilizowahi kubeba mambo mengine.
Uvinza chumvi, nikamnunulia mama kilo mbili,
na mama Ujiji akanipa samaki, niirudishe chumvi yake Dar tumboni mwa migebuka.

Saranda ndiyo iliyotutia deni.
Kuku yuko mkononi mwa baba Sikujua,
pesa iko mfukoni mwa baba Sikujua,
treni ikang'oka.
Yule mama alikimbia na beseni kichwani mpaka jukwaa likamwishia.
Tulimla kuku yule kimya kimya, kama wezi.
Miaka miwili baadaye, likizo nyingine, dirisha lile lile,
mume wangu kajitokeza mpaka kiunoni, anaita:
"Mama wa kuku! Mama niliyekuacha na deni!"
Wakaitika watatu.
Akawalipa wote watatu.
Akakaa chini, akasema, "Sasa nitalala,"
na kweli alikoroma mpaka Itigi.

Treni ya Shamimu haina kishindo.
Inateleza kama mtu anayetoroka msibani.
Baridi yake ya mashine nimejifunika kanga mbili.
Nikaomba tiketi niishike; kumbe iko ndani ya simu.
Sasa nipige pasi nini?
Nikapapasa kioo kutafuta pa kushusha.
"Dirisha halifunguki, Bibi."
Milima ikapita, mikonge, minara ya simu,
hakuna aliyeniuzia kitu, hakuna aliyenidai.
Nikamgawia vitumbua kijana wa kiti cha mbele,
akavua vile vya masikioni, akaniamkia. Afadhali.

Dodoma watu wote wakasimama.
"Na Saranda?" nikauliza.
"Hii haijafika huko, Bibi. Bado wanajenga."
Nikalishika begi langu vizuri.
Tulikula wali, tukapiga picha, tukageuza.

Usiku nimerudi Buguruni, umeme upo, rimoti ina unga.
Mbaruku kalala mdomo wazi, pengo jekundu.
Jino lilitoka lenyewe mchana, kwenye uji,
nami sikuwepo.
Lakini wamenisubiri: limefungwa kwenye kipande cha gazeti
juu ya mto wangu, lisitupwe na mwingine.
Nikatoka uani peku, nikalirusha juu ya bati,
nikalisikiliza likibingirika,
ta, ta, ta,
mpaka lilipopata mahali.