Paka wa Haapsalu

Mwaka tisini na saba bibi yangu Maimu aliandika
kwa vidole viwili, kama kuku adonoavyo:
"Bwana mheshimiwa sana, natumai hujambo,
huku kwetu theluji tu, paka wetu amezaa..."
Bei ya shali ikaja mstari wa ishirini na tatu.

Mteja wa Hobart akajibu neno moja: Ngapi?

Siku ile hakula. Hata salamu hakuna!
Modemu ikapiga mluzi, simu ya nyumba ikakatika,
babu Endel akagomba jikoni.

Barua zake ninazo, sanduku la viatu,
karatasi za printa zenye matundu pembeni.
Ya kumi na moja: bei imepanda juu kabisa.
Ya arobaini: "asante" yake imekuwa fupi.
Ya mia haina kosa, wala haina paka,
na Hobart kimya, miezi mitatu.

Ya mia na moja imechakaa kwa kukunjuliwa:
"Bei ni ile ile. Yule paka kafa jana."

Jibu likaja usiku uleule, kurasa mbili,
na chini kabisa, kama mgeni aliyekumbuka jambo mlangoni:
nitumie shali sita.