Udongo Kiganjani

Shaame, nakwandikia,
mwaka wa sita wangia,
hatuvukiani njia
ya hatua ishirini.

Mgeni atoke Wete,
kwa lami hii apite,
ataona watu wote
wamoja kwa lugha, dini.

Lami 'mekuwa bahari,
hatupeani habari,
hata chai na sukari
zina chama madukani.

Jeneza liko kwa Faki,
shuka huku haitoki,
na mfu hasadikiki
bila kadi mkononi.

Ndoa nazo zavunjika:
Time kapewa talaka
kwa kanga kujifunika
ya rangi ya wapinzani.

Lawama sitazikwepa:
mwanangu nilimchapa,
kwenu chumvi walimpa,
nikaitupa uani.

Tulipomzika mama,
ng'ambo ulikosimama,
naliona ukihema,
udongo u kiganjani.

Ule udongo u wapi?
Umri nao mfupi;
andika, japo makapi
yasiyo na punje ndani.

Juzi, Shaame, mvua
hodi haikutambua;
nani angelianua
majamvi pale njiani?

Sisi tuko mkutano,
nanyi mna lenu neno,
vipaza vyasaga meno,
karafuu mtaroni.

Alotoka: Rozalina,
Mmakonde asojina
kwa sheha, ijapo shina
la babuye li shambani.

Kazaliwa hapa hapa,
kazaa wanawe hapa,
kila mwaka humtupa
fomu yake makapuni.

Hakuuliza la chama,
hakupima, hakusema,
aliyakunja kwa hima,
maji yangali gotini.

Basi yeye kayabeba,
yenu sita, yetu saba,
pumzi zikimkaba,
hadi kwake barazani.

Ulimtuma kijana
azichukue. Kaona
zimechanganyika sana:
nani ajue za nani?

Kacheka. Nami kicheko
nikakijua: ni chako,
tulipogombea mwiko
wa mama kule jikoni.

Rozalina 'kanambia:
"Nyie mwaigombania
nyumba; mie sijangia,
nasimama mlangoni."

Kisiwa chetu kimoja,
tusikigawe kwa hoja
za watu wanaokuja
kwa mwaka wa kampeni.

Ila umoja wa ndugu,
wa mimi nawe, ni gugu,
Roza akifanywa mbegu
ya kutupwa pembezoni.

Tuungane, naye awe
sawa nami, sawa nawe,
kitambulisho apewe,
apige kura mwakani.

Ampe ampendaye,
siri ikae na yeye;
jua likiwaka, naye
awe na jamvi njiani.

Shuka nimeshaifua.
Kesho, kukipanda jua,
navuka; utafungua?
Au nirudi nyumbani?

Ule udongo, Shaame,
kama bado, tusimame,
mimi nawe, tuiname,
tuutie kaburini.